Pawatila na vifaa vya kujichomelea: boriti, jembe la matuta, ubao wa jaruba na magurudumu ya chuma

Pawatila, yaani vitrekta vya magurudumu mawili vinavyoongozwa kwa mikono, nyingi huku kwetu Tanzania zinajua kazi mbili tu. Msimu wa mpunga zinaburuga majaruba, miezi iliyobaki zinavuta trela, mara maji, mara matofali, mara magunia ya watu. Tangu kipindi kile cha Kilimo Kwanza mwaka 2009 halmashauri zilipoanza kuzileta kwa wingi, malalamiko ni yaleyale kwamba kwenye shamba kavu hizi mashine hazina kitu. Kuna ukweli hapo, udongo mgumu wa kiangazi unaifanya rotaveta (ile ya visu vinavyozunguka kutifua udongo) irukeruke juu juu kama kuku anachakura, ila lawama nyingine tunaibebesha mashine bure, maana ilikuja na rotaveta na trela basi, na hakuna aliyehangaika kuiwekea vifaa vingine.

Na vifaa vingine vinachomelewa mtaani. Huhitaji kiwanda, unahitaji fundi mwenye grenda na mashine ya kuchomelea, skrepa nzuri, na mpangilio. Hapo kwenye mpangilio ndipo wengi wanapotea, mtu anaanza na jembe, analichomelea linakaa kwenye mashine yake, mwakani anataka kifaa kingine anaanza tena moja. Mimi nashauri uanze na boriti. Boriti moja inayoingia kwenye mdomo wa nyuma wa pawatila, pale linapofungwa trela, halafu kila kifaa kinafungwa kwenye boriti hiyo kwa yubolti, bolti yenye umbo la U. Ukishakuwa nayo, kifaa kipya ni kazi ya nusu siku.

Mwongozo huu ni wa pawatila za kawaida za injini ya dizeli ya silinda moja, hospawa 12 hadi 15, aina ya Dongfeng na ndugu zake wote wanaofanana nayo, tairi 6.00-12. Kama una ndogo zaidi ya hapo punguza vipimo.

Kwanza hesabu ya nguvu

Watu wanauliza hospawa. Kwenye kuvuta shambani kinachokubana mapema zaidi ni uzito, maana injini itakuwa bado ina hamu wakati tairi tayari zinazunguka palepale. Tuseme pawatila yako bila rotaveta ina kilo 350 (angalia kibati chake au kitabu). Kwenye udongo ulio imara kidogo tairi zinaweza kuvuta kama asilimia 40 ya uzito uliozikalia, yaani kilo 140. Kwenye udongo laini sana au wenye maji inashuka mpaka 30, unabaki na kilo 105 hivi.

Sasa upande wa udongo. Udongo mwepesi wenye unyevu unakataa kwa kama kilo 0.3 kwa kila sentimita ya mraba unayoikata, tifutifu 0.4 mpaka 0.5, mfinyanzi 0.7 na kuendelea. Jembe la matuta linalofungua mfereji wa upana sentimita 40 juu na kina 15, kwa kuwa mfereji una umbo la V, linakata sentimita za mraba 300 hivi. Zidisha kwa 0.3 unapata kilo 90, inavuta vizuri. Tifutifu unapata 135, hapo inavuta kwa kujikaza. Mfinyanzi 210, hapo sahau, tairi zitachimba kaburi zao. Kwa hiyo jembe moja, sio mawili, na shamba la mfinyanzi linapitiwa na rotaveta kwanza likiwa na unyevu wa kiasi, ndipo unarudi na jembe la matuta. Fundi akikwambia anakuwekea mawili ili umalize haraka muulize uzito utatoka wapi.

Uzito wenyewe unaweza kuongezwa kidogo. Njia rahisi ni kumwaga zege ndani ya rimu upande wa nje. Shimo la rimu la inchi 12 lenye kina cha sentimita 10 linabeba karibu kilo 15 za zege kila upande. Kabla hujamwaga weka vipande vya bomba juu ya kila nati ya tairi ili spana ipite baadae, paka oili ya kuchakaa kwenye rimu zege lisigande humo milele, na laza nondo mbili tatu nyembamba ndani lisipasuke.

Skrepa na vifaa

Skrepa inauzwa kwa kilo, kwa hiyo nenda na orodha na tepu, usiende kushangaa. Vitu vya kutafuta: springi bapa za gari (pikapu au fuso, upana milimita 60 au 70), yubolti za hizohizo springi, madiski ya plau ya trekta yaliyochakaa, na shafti fupi fupi za chuma kigumu kwa ajili ya pini. Vya dukani ni engo (chuma cha pembe), flatibaa (chuma bapa), raundi baa (chuma cha mviringo), bolti ngumu zile zimeandikwa 8.8 kichwani, na rodi za kuchomelea. Rodi za kawaida 6013 zinatosha kazi nyingi, geji 12 kwa vyuma vyembamba na geji 10 kwa vinene. Geji 10 iweke kati ya ampea 90 na 130, ukiona rodi inanata ongeza, ukiona inatoboa chuma punguza.

Kabla ya kulipa pima urefu. Watu wanasema baa ni mita 6, ila kuna mzigo unaingia ukiwa mita 5.8, na kwenye hesabu za chini hapo hizo sentimita 20 zina kazi.

Neno moja kuhusu springi. Ni chuma chenye kaboni nyingi, ndio maana kinadumu kwenye udongo, na ndio maana hakipendi kuchomelewa baridi. Ukichomelea hivi hivi kinashika vizuri mbele ya macho yako halafu kinapasuka pembeni ya mshono siku ya kwanza kikigonga mzizi. Dawa ya kwanza ni kutokichomelea kabisa, kibane kwa bolti. Kama hakuna namna, kipashe moto wa mkaa mpaka tone la maji likidondoka juu yake linaruka badala ya kukaa na kuchemka, chomelea kwa rodi 7018 iliyo kavu, halafu kizike kwenye majivu kipoe taratibu mpaka kesho. Usikimwagie maji.

Na usalama, haraka haraka lakini usiruke: kofia ya kuchomelea yenye kioo namba 10 au 11, miwani wakati wa grenda, chuma cha mabati yenye zinki kwangua kabla ya kuchoma maana ule moshi mweupe unaleta homa. Pipa au mtungi uliowahi kubeba mafuta au gesi usiukate, hata kama umekaa mtupu miaka, mvuke unabaki ndani na unalipuka. Ukichomelea kitu kikiwa kimefungwa kwenye pawatila, klipu ya ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea) ibane karibu kabisa na mahali unapochoma, umeme usipitie kwenye beringi ukaziunguza.

Na giaboksi usiiguse. Kile ni chuma cha kumimina, ukichomelea kinapasuka, ukitoboa tundu jipya umeua. Kila kitu kinafungwa kwenye mdomo wa nyuma na kwenye tundu za bolti zilizotoka kiwandani, kwisha.

Boriti, hatua kwa hatua

Anza kwa kupima mdomo wa nyuma ule unaopokea pini ya trela. Vipimo vinne: uwazi wa ndani kutoka juu kwenda chini, kina cha mdomo mpaka ukutani, unene wa pini, na urefu kutoka ardhini mpaka katikati ya mdomo mashine ikiwa imesimama sawa. Usimwambie fundi "ni pawatila ya kawaida", zinatofautiana kwa milimita kadhaa na hizo milimita ndizo zitakazogonga gonga shamba zima.

Ulimi unaoingia humo ukate kutoka pleti ya milimita 12, au flatibaa mbili za milimita 10 zilizounganishwa kama uwazi unaruhusu. Uache mchezo wa milimita 2 juu na chini, usizidi. Tundu la pini toboa kwa drili, sio kwa moto, tundu la moto linakuwa yai na pini inaanza kulila.

Nyuma ya ulimi inakuja pleti iliyosimama, milimita 10, urefu sentimita 20, yenye matundu matatu yaliyopishana sentimita 4 kwenda juu. Ulimi unafungwa kwenye pleti hii kwa bolti mbili, kwa hiyo unaweza kuupandisha au kuushusha. Hapa ndipo unaporekebisha kina. Ukifunga ulimi kwenye tundu la juu la pleti, pua ya kifaa inashuka na kinachimba zaidi. Ukifunga tundu la chini kinaelea. Wenye plau za ng'ombe wanaijua hii, ni kanuni ileile.

Boriti yenyewe: skwea paipu nene ni ngumu kupata mitaani, zile za geti ni nyembamba zitajikunja. Chukua engo mbili za milimita 50 kwa 5, urefu mita moja kila moja, zigeuze zitazamane ziwe boksi, shikiza kwa nukta ndogo za kuchomelea kila sentimita 15 kwanza pande zote mbili, ndipo ujaze mshono vipande vipande ukiruka huku na huku. Ukichoma mshono mmoja mrefu bila kuruka boriti itapinda kama ndizi na hutainyoosha. Hii boksi ya engo ni imara kuliko watu wanavyodhani, na ina ukubwa wa kama milimita 50 kwa 55 ambao yubolti nyingi za pikapu zinaukubali.

Unganisha boriti na pleti iliyosimama kwa engo mbili fupi za kushikilia pembeni, pembetatu, kila upande. Kisha weka bolti mbili za kuzuia, kulia na kushoto kwa ulimi, zikitazama mdomo wa mashine kwa mbele. Kazi yake ni kuruhusu boriti icheze kidogo kulia na kushoto ili mashine iweze kukata kona bila kukunja kitu, lakini isiyumbe ovyo. Acha uwazi wa milimita 10 kila upande, utaongeza au kupunguza ukiwa shambani.

Kama rotaveta yako ina kagurudumu ka nyuma kenye skrubu ya kupandisha na kushusha, kang'oe na bomba lake uchomelee kishikio kwenye boriti. Umepata kidhibiti kina bila kununua.

Jembe la matuta

Mguu wa jembe unatoka kwenye flatibaa ya 60 kwa 12, urefu sentimita 55, au springi mbili zilizolala pamoja na kubanwa kwa bolti. Unasimama wima nyuma ya boriti na kubanwa kwa yubolti mbili na pleti ndogo ya nyuma. Usiuchomelee kwenye boriti hata fundi akisisitiza kwamba ndio imara, kwa sababu utataka kuusogeza kushoto na kulia, na siku ukigonga kisiki yubolti itateleza badala ya kupinda kitu cha thamani.

Pua ni kipande cha springi, urefu sentimita 25, kilichochongwa ncha kwa grenda (taratibu, kikibadilika rangi ya bluu umeshakilegeza ugumu wake). Kinafungwa chini ya mguu kwa bolti mbili za kichwa cha kuzama. Inama ya pua ni jambo la kuangalia kwa makini: weka jembe juu ya sakafu iliyonyooka, kisigino cha nyuma kikigusa sakafu, na ncha ya pua nayo iguse, halafu katikati yake kuwe na uwazi wa kama sentimita moja na nusu. Huo uwazi ndio unaolifanya jembe lijivute lenyewe ardhini. Bila huo utakuwa unalikanyaga kwa miguu mpaka jioni.

Mabawa sasa, hapa diski ya plau iliyochakaa ni dhahabu. Ikate katikati kwa grenda, unapata mabawa mawili, la kulia na la kushoto, tayari yamejikunja vizuri kiasi kwamba hakuna nyundo ya mtaani ingeyakunja hivyo. Chuma chake ni kigumu, drili ya kawaida itateleza tu juu yake, kwa hiyo matundu yachome kwa rodi ya geji 10 ukiwa umepandisha ampea, halafu safisha kingo. Kama huna diski tumia pleti ya milimita 4, igonge juu ya bomba kubwa mpaka ikae mkunjo. Kila bawa lisimame sentimita 25 kwenda juu na 40 kwenda nyuma.

Mbele mabawa yanashikwa kwenye mguu kwa bawaba, unaweza kuchomelea nati nene mbili na bolti ndefu ikapita katikati. Nyuma yanaunganishwa na flatibaa mbili zenye matundu mengi zinazopishana, ukitaka tuta la kawaida unafungua upana wa 40, ukitaka pana unafungua 50. Usifungue mwisho kabisa kwenye udongo mzito, rudi kwenye ile hesabu ya kilo.

Halafu kuna kitu nimeona kinawasumbua watu wengi wanaotengeneza vizuri kabisa, kisha shambani matuta yanakanyagwa na tairi. Kanuni ni hii: nafasi ya tuta hadi tuta lazima izidi nafasi ya tairi hadi tairi (kutoka katikati hadi katikati) ukijumlisha upana wa tairi moja. Tairi ya 6.00-12 ina upana wa sentimita 15 hivi. Kwa hiyo ukitaka matuta ya sentimita 90 kwa ajili ya viazi vitamu, tairi zisizidi 75. Ukitaka mahindi ya 75, tairi zisizidi 60. Mashine nyingi zina shafti ya pembe sita na habu (kitovu kinachoshika rimu) inayoteleza, au rimu unaigeuza ndani nje, zisogeze mpaka zitoshe. Tairi ya ndani itapita kwenye ubavu wa tuta ulilolipiga safari iliyopita, usihofu, jembe linafuata nyuma na kuujenga upya ubavu huo. Ikipita juu ya kilele ndio umeharibu.

Gia ya chini ya pili, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Nyosha mstari wa kwanza kwa kamba na vigingi, mingine yote itaufuata huo, na ukiwa umepinda basi shamba zima litapinda hivyohivyo na majirani watakuimba.

Ubao wa kusawazisha jaruba

Hiki ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na kwenye mpunga ndicho kinachorudisha hela mapema. Jaruba lisilo sawa unalipia mara mbili, kwenye mwinuko magugu yanaota kwa sababu maji hayafiki, kwenye bonde miche inazama.

Mbao ya inchi 2 kwa 8, urefu mita 1.8, ngumu, isiyo na fundo katikati. Urefu huu unatosha kufuta nyayo za magurudumu ya chuma pande zote. Kama kingo za majaruba yako zina mlango mwembamba pima mlango kwanza. Chini ya mbao piga flatibaa ya 40 kwa 5 kwa bolti za kuzama ili isiliwe na mchanga. Nyuma yake weka vipande viwili vya engo vya kuibana kwenye miguu miwili ya flatibaa, na miguu hiyo inafungwa kwenye boriti kwa yubolti zilezile.

Ubao usisimame wima. Ulaze kwa nyuma kidogo, nyuzi 15 hivi, upande wa juu ndio unaolala nyuma, tope litapanda na kujikunja mbele badala ya kusukumwa lote kwa mkupuo. Ukisimama wima kabisa unabeba tope mpaka mashine inazama.

Maji wakati wa kusawazisha yawe sentimita 2 au 3 tu. Watu wanajaza maji mpaka hawaoni kitu halafu wanashangaa kesho yake vichuguu vinatokeza. Yakiwa machache, mwinuko wenyewe unajionyesha, unaenda kuuchukua pale na kuupeleka bondeni, unainua ubao kwa kuinua mikono ya mashine juu, unarudi tupu, unachukua tena. Usimwache mtoto apande juu ya ubao kuongeza uzito, najua inafanywa kila mahali, ila magurudumu ya chuma yapo mbele yake nusu mita.

Magurudumu ya chuma

Kwenye tope zito tairi ya mpira inajaa udongo na kugeuka mpira wa duara. Magurudumu ya chuma yanang'olewa na kufungwa kwa msimu wa kuburuga tu.

Kipimo cha jozi moja. Pete nne za raundi baa ya milimita 16, kipenyo sentimita 62, yaani kila pete inakula sentimita 195 (62 mara 3.14). Baa ya kwanza ya mita 6 inatoa pete tatu na kubaki kipande kisicho na maana. Baa ya pili inatoa pete moja na kubaki mita 4 na kidogo, ambazo unazikata spoki 16 za sentimita 24, nne kwa kila pete. Meno ni engo ya 40 kwa 4, kumi na mbili kila gurudumu, jumla 24. Hapa ndipo ile mita 6 inapohesabika: ukikata kwa sentimita 25 kamili diski ya grenda inakula milimita 3 kila mkato na jino la mwisho linapungua. Kata kwa 24.5, yote 24 yanatoka kwenye baa moja.

Kukunja pete chora duara sakafuni kwa kamba na chaki, halafu kunja raundi baa ukiilinganisha na duara. Wengine wanakunjia kwenye rimu ya lori, inafaa, ila pete inatoka ndogo kuliko duara lako, unaifungua kwa mkono mpaka ikae sawa.

Pleti ya katikati ni milimita 8, inafungwa kwenye habu kwa bolti za tairi. Matundu yake usiyapime kwa rula. Ng'oa tairi, paka grisi kidogo kwenye uso wa habu na bolti, bandika boksi gumu la karatasi, bonyeza, alama zote zinajichora zenyewe. Toboa boksi, ulijaribu kwenye habu, likikaa ndio uhamishie kwenye pleti. Dakika kumi hizo zinaokoa gurudumu linalotembea kama limelewa.

Funga pleti kwenye habu ya mashine yenyewe, inua upande mmoja kwa jeki na jiwe imara, shikiza spoki na pete kwa nukta, kisha zungusha kwa mkono huku umeshika kipande cha chaki kimetulia mahali pamoja. Pale chaki inapogusa ndipo pete imetoka nje, gonga, rudia, mpaka iguse kidogo kila mahali. Ndipo ung'oe ukachomelee moja kwa moja chini, mbali na mashine. Pete mbili za gurudumu moja ziachane kama sentimita 18, na katikati usizibe chochote, tope lazima lipate pa kutokea.

Meno yanapandwa nje ya pete, upande mmoja wa engo umelala juu ya pete na mwingine umesimama kwenda nje. Gawa mzunguko kwa 12, ni sentimita 16 na robo kati ya jino na jino. Yapandwe kwa mshazari kidogo, na mshazari uige mwelekeo wa meno ya tairi yako ya mpira, la kulia na la kushoto ziwe kinyume. Fundi akitengeneza yote mawili mfululizo bila kuyaweka pamoja atakuletea mawili ya kulia.

Ukijumlisha meno, kipenyo kinafika sentimita 72, tairi ilikuwa 64 hivi. Kwa hiyo mashine inapanda sentimita 4, na kila gia inakuwa na mwendo zaidi kidogo na mvuto pungufu. Tumia gia moja chini ya uliyozoea na ushushe rotaveta kidogo. Kabla ya kuwasha zungusha magurudumu kwa mkono duru nzima uone hayagusi madigadi wala kava ya mikanda.

Barabarani usitembee nayo, si kwenye lami si kwenye changarawe. Pakia kwenye trela, yafunge ukifika ukingoni mwa jaruba.

Siku ya kwanza shambani

Fanya kazi nusu saa, zima injini, kaza kila yubolti, fanya saa moja, zima, kaza tena. Rangi na kutu zikishakandamizwa bolti zote zinalegea mara ya kwanza, baada ya hapo zinatulia. Kubadili kifaa ni injini imezimwa, sio klachi imebanwa. Na kama umerudisha rotaveta, gia ya nyuma usiiweke ikiwa inazunguka hata siku moja, mashine inarudi juu ya miguu yako na hupati muda wa kuruka.

Angalia pia nyayo za tairi kwenye udongo. Alama za meno zikiwa wazi na zimekatika vizuri, mvuto uko sawa. Zikiwa zimefutika na kuburuzika, tairi inateleza, punguza kina kwa tundu moja au punguza upana wa mabawa.

Na trela je

Sikuliweka kwenye orodha kwa makusudi. Trela la kujichomelea linawezekana, ila lisilo na breki yake yenyewe usilitengeneze, na breki hiyo iwe ya mguu, dereva aifikie akiwa amekaa. Kamba ya mkono haitoshi. Ulimi wake pia ni tofauti na wa boriti, unatakiwa uzunguke kushoto na kulia na pia ujipinde upande, trela likikanyaga shimo kwa tairi moja lisiipindue pawatila. Bomba linalozunguka ndani ya bomba, na grisi, linafanya kazi hiyo.

Kingine ambacho kila anayekabidhiwa pawatila yenye trela lazima aonyeshwe kabla hajaondoka ni mteremko. Kwenye tambarare ukibana klachi ya mkono wa kushoto mashine inakata kushoto. Kwenye mteremko mzigo ukiwa unaisukuma kutoka nyuma, ukibana ya kushoto gurudumu la kushoto linaachiwa linakimbia, la kulia linazuiwa na injini, na mashine inakata kulia. Mtu anaona inakwenda mtaroni, anazidi kuibana ileile, inazidi kwenda. Kwenye mteremko weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka, usiguse klachi za pembeni, elekeza kwa kusukuma mikono yenyewe na utumie breki ya trela. Kamfundishe dereva kwenye kilima kidogo trela likiwa na magunia mawili matatu tu, kabla hajapewa mzigo kamili.